Sauti Niliyomwekea Baba

Baba yangu alikuwa akinadi mitumba Gikomba. Akishapanda juu ya belo na kuanza kupiga kelele, soko zima lilijua sweta zimefunguliwa. Nyumbani kwetu mtaa wa Huruma, orofa ya tatu, alirudi na kelele hizo hizo: chumvi imezidi, nani kahamisha stesheni ya redio, mlango huu mbona uko wazi! Mama naye hakuwa wa kunyamaza. Waligombana tangu chai ya asubuhi, kwa raha zao, majirani wakicheka upande wa pili wa ukuta. Mimi niliona aibu tupu. Laiti ningejua.

Kisha akaota uvimbe kooni. Madaktari wakaukata, na sauti ikaenda nao. Alirudi nyumbani na kitambaa shingoni, akawa anaandika anachotaka kusema kwenye vipande vya karatasi. Haya, lakini mama hakuwahi kuingia darasani. Kwa hiyo nilikuwa nasoma mimi.

"Baba anasema uji umepoa."

"Mwambie ana mikono, apashe."

Ya uji yalipita. Lakini kuna maneno mume hawezi kumwambia mkewe kwa mdomo wa binti yake. Nilimwona anaanza kuandika, ananitazama, anaikunja karatasi na kuitia mfukoni. Mama ananiuliza, "Amesemaje?" Nimwambie nini? Iliniuma vibaya sana. Nilitaka siku moja tu hao watu wawili wazungumze bila mimi kukaa katikati yao.

Miaka ya tisini ilikuwa ikielekea kwisha, nami nilikuwa nimeajiriwa katika duka la kutengeneza kompyuta mjini. Mwenye duka aliniachia mashine kuukuu ambayo hakuna mteja aliyeitaka, na kwa kuwa sikuwa na programu nyingine, nikaiwekea Linux, mfumo wa bure wa kuendeshea kompyuta, kutoka kwenye sidii iliyokuja na gazeti. Fundi mwenzangu, kijana wa Kaloleni, akaniambia kuna programu ya bure inayosoma maandishi kwa sauti. Nikasema basi, dawa ndiyo hiyo. Baba ataandika, mashine itamsemea, mimi nitatoka nje.

Nilidhani ni kazi ya siku moja. Wapi! Programu za Linux huja kwa vifurushi, na kila kifurushi kina madai yake. Unaweka kifurushi cha kusema, kinakuambia hakiingii mpaka kile kingine kitangulie. Unakitafuta hicho kingine, nacho kina chake kinachokitaka. Ni kama kuomba chumvi kwa jirani, naye akutume kwanza kwa jirani wa chini ukamletee sufuria yake. Nyumbani hatukuwa na simu, kwa hiyo nilivuta vifurushi kwenye mtandao kazini, saa ya chakula, nikavikatakata kwenye disketi na kuvibeba ndani ya mkoba. Disketi moja ikiharibika njiani, kifurushi kizima kimekufa. Nilitukana. Mtu wa kanisa mimi, nilitukana.

"Siste, usiilazimishe," yule fundi alinionya. "Itaingia, lakini itakataa kazi."

Nililazimisha. Iliingia, ikakataa kazi. Nikaitoa, nikaanza upya.

Kila jioni nikiingia mlangoni baba aligonga meza kwa kidole. Maana yake: bado? Nami nikitikisa kichwa alifumba macho. Nilifikiri ana hamu ya kugombana na mkewe, na moyoni nikafurahi.

Siku mashine ilipotamka mara ya kwanza, ilisoma Kiswahili cha baba kama mzungu aliyeshuka ndege jana. Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba hakucheka. Aliniandikia: Tafuta sauti nyingine. Haraka. Fundi akaniletea sauti ya Kihispania, kwa kuwa irabu zao ni kama zetu, nayo ikasoma vizuri, kila neno likasikika.

Jumapili, baada ya kanisa, nilimkalisha baba mbele ya mashine, mama akiwa karibu naye, nikamwonyesha pa kubonyeza, naye akanipungia mkono nitoke. Nikasimama koridoni kati ya nguo zilizoanikwa. Nilimsikia akigonga herufi moja moja. Halafu ile sauti ikasema:

"Mama watoto. Ugonjwa umerudi. Daktari amesema hautibiki."

Ilisema hivyo hivyo, bila kutetemeka.

"Ati nini?" Mama alisema. "Hiyo mashine imekosea. Sema tena."

Nikasikia kitufe kimoja kikibonyezwa, nayo ikarudia neno kwa neno. Mtu akiambiwa arudie habari kama hiyo hulegeza, huzunguka, hukushika mkono kwanza. Ile haikulegeza kitu. Zile karatasi alizokuwa akizikunja nikazielewa. Kumbe muda wote huo alijua, na alikuwa akinisubiri mimi nimalize.

Mama akafungua mlango kwa nguvu.

"Ingia ukitoe. Hicho kitu hakikai kwangu."

"Lakini mama, baba atakuwa akikuambia vipi..."

"Ameshaniambia! Toa!"

Nilimtazama baba. Akakubali kwa kichwa. Nikaandika amri ya kuondoa kifurushi, mstari mmoja tu, na kazi yangu yote ikatoka. Linux ikitoa kitu salama haikupi hata neno. Inakuletea mstari mtupu, unaosubiri amri nyingine.

Mama akaketi kitandani, akalia kwa sauti, mpaka jirani akaja kubisha na sikumfungulia. Baba alilia pia. Nilijua kwa kuwa nilikuwa namtazama.