Wimbo wa Tatu wa Bendi ya Kutu

Bendi ya Kutu iliishi miezi kumi na mmoja, ikapiga maonyesho matatu, ikafa. Mpiga ngoma wake alikuwa fundi wa kunyoosha bodi za magari, watu wakimwita Nyundo, na kuna jambo alilokaa nalo moyoni miaka tisa bila kumwambia mama yake.

Walipiga thrash metal, ule muziki wa gitaa za mbio na mwimbaji anayenguruma. Mazoezi walifanyia gerejini mchana kweupe, mashine ya kusaga chuma ikiwaka, maana hapo jirani gani angelalamikia kelele? Gitaa alipiga fundi redio. Mwimbaji alikuwa mdogo wake Nyundo, kitinda mimba wa mama yao, mpole wa kushindwa hata kufukuza kuku, lakini akishika maikrofoni, usiombe! Mama, mshona sare za shule, alifika mara moja tu, akasimama mlangoni na futi yake shingoni.

"Wanangu, nani kawaudhi?" akauliza, akarudi kwenye cherehani.

Mwezi wa nane wa bendi, sauti ya yule kijana ikaanza kukwaruza. Watu wengine wangeshtuka. Hawa wakashangilia! Mkwaruzo ndio waliokuwa wakiutafuta siku zote.

"Hapo hapo, mdogo wangu, usiiachie!" Nyundo alipiga kelele nyuma ya ngoma. Waliporekodi kanda yao, wimbo wa tatu ulitoka na sauti iliyochanika kabisa, wakakumbatiana kwa furaha.

Baadaye kijana akaenda zahanati kimyakimya, akapewa barua ya kwenda hospitali kubwa akapimwe koo. Alimwonyesha kaka yake peke yake.

"Kaka, niende?"

Nyundo akaisoma barua, akatazama tangazo la onyesho la tatu ukutani. "Tumalize onyesho kwanza. Wiki sita si nyingi."

Kijana akaikunja barua, akaitia mfukoni. Kaka alikuwa ameshasema.

Onyesho lilifana. Kijana akarudi nyumbani hana sauti hata ya kuomba maji, na mama, aliyechoshwa na kelele za mwaka mzima, akamwambia, "Afadhali umenyamaza, na sisi tupumzike." Kijana hakupata kusema tena. Uvimbe kooni ulikuwa umeshakomaa, na walimzika kabla ya mwaka kwisha.

Basi mama akaibeba ile kauli yake. Anashona, mara anasimamisha cherehani: "Mimi ndiye niliyemnyamazisha mwanangu." Nyundo akisikia hivyo huinuka, huenda kunyoosha milango ya magari ya watu. Jamani, dume zima linalogonga chuma kutwa, linamwogopa mama mwenye sindano!

Jumamosi moja alimkuta hashoni. Siku ya tatu hiyo hali chakula, amepungua, mikono imelala mapajani. Nyundo akaona huyu naye atamzika. Akapiga magoti.

"Mama, si wewe. Alikuwa na barua ya hospitali. Mimi nilimwambia asubiri."

Akamweleza yote. Mama alimtazama mpaka Nyundo akainamisha kichwa.

"Miaka tisa," alisema. "Ukawa unaniona hivi, mwanangu, ukanyamaza?"

"Niliogopa, mama." Analia.

"Nenda kalete hiyo kanda yenu."

Alikuwa hajawahi kukubali kuisikia. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Wa tatu ulipoanza, mama akainua mkono kabla mstari mmoja haujaisha.

"Zima. Hapa mwanangu alikuwa anaumwa."

Nyundo akazima. Ndio wimbo walioukumbatiania.

"Rudisha ule wa kwanza," mama akasema. "Nimsikie akiwa mzima."

Akarudisha. Kuhusu msamaha mama hakusema kitu. Alimwambia tu asogeze kiti karibu, maana redio ilikuwa ndogo na mtoto alikuwa anaanza kuimba.