Kinu Juu ya Godoro

Hadi leo sijui nilikuwa najificha kwa nani.

Jirani yangu wa mtaa wa Mangobo, ninayemwita yaya, yaani dada mkubwa, kwa kuwa amenizidi umri, alikuwa anakwenda kupasuliwa tumbo. Sisi wanawake saba wa kundi la maombi tukagawana siku za juma za kufunga na kumwombea. Mimi nikaangukiwa na Alhamisi, siku yenyewe ya kisu: alfajiri hadi jua kuzama, bila chakula wala maji.

Saa sita mchana njaa ikanishinda. Ningekuwa na akili ningetafuna mkate nikajikausha. Lakini mimi ni mtu wa Kisangani, nikitamani chakula natamani lituma, na lituma ni makemba, zile ndizi za kupika, yaliyochemshwa yakatwangwa. Mchi ukianza kugonga, barabara nzima inajua nani anakula. Basi nikafunga mlango, nikalaza godoro sakafuni, nikaweka kinu juu yake, nikatwanga taratibu. Kinu kiliyumba, nusura kiniangukie mguuni. Sauti haikutoka.

Nilipokaa kula nikamwona Yesu ukutani, kwenye kalenda ya parokia, ananitazama. Nikamgeuza. Mkono ukiwa bado juu nilijishangaa: kwa hiyo godoro ni la majirani, na kalenda ni ya Mungu? Mimi niliyewafundisha watoto katekisimu kwamba yuko kila mahali, nilidhani anaona kwa macho ya karatasi? Nililiona swali hilo vizuri kabisa, na kalenda sikuirudisha.

Lituma lenyewe nililimeza bila kulisikia utamu. Mchana kutwa nilikuwa na wazo moja tu, kwamba yaya atafia mezani na mimi ndiye nitakuwa nimemmaliza.

Hakufa. Habari ilipokuja wenzangu walipiga vigelegele, nami nikapiga nao, nikijisikia mwizi. Tangu hapo sikuweza kusali. Nikawa nazunguka njia ya nyuma ili nisipite mbele ya kanisa, wala mbele ya mlango wake.

Wiki ya nne akaja mwenyewe, mkono mmoja tumboni, binti yake amembebea beseni la makemba yaliyochemshwa. Binti akatua beseni, akarudi nyumbani.

"Mudogo, nimekuya kukushukuru. Ile siku ya kisu ilikuwa siku yako."

"Yaya, nilikula."

Lilinitoka kabla sijalipanga.

"Ulikula nini?"

"Lituma."

"Ulitwanga, na batu habakusikia?"

Nikamwonyesha godoro. Akalitazama, akatazama kinu, kisha akaanza kucheka huku anajishika tumbo kwa mikono miwili. "Usinichekeshe, mushono itafunguka." Halafu akaiona kalenda, bado imegeukia ukuta, na kicheko kikakoma.

"Na Mungu, ulishamuambia?"

"Bado."

"Donc, kumbe mi ndiye ulianza kuambia?"

Nilikuwa nimemkimbia Yule asiyekimbika, nikaja kukiri mbele ya mgonjwa niliyemsaliti. Machozi yakanitoka. Yaya akasukuma beseni kwa mguu mpaka karibu yangu, akavuta kiti, akakaa polepole.

"Twanga. Mi sina nguvu bado. Utamuambia ukiwa unatwanga."

Nikaweka kinu chini kwenye saruji, mlango wazi, nikainua mchi.