Upepo Usio na Mwenyewe

Kabla ya ruksa ya biashara huria, pale Utemini mjini Singida gari la mtu binafsi lilikuwa jambo la kusimuliwa. Ruksa ilipokuja, kila mwenye duka la sukari na vitenge alianza kuota gari la Japani lililopitia Dubai. Mume wangu naye aliota, akaamka nalo. Lilikuja na maandishi kiooni ambayo hatukuweza kuyasoma, na feni mbili za umeme za kupozea injini badala ya ile ya mkanda tuliyoizoea.

Mimi magari niliyajua kwa vipuri vyake. Nilikuwa mtunza stoo katika karakana ya shirika la umma, mpaka shirika likafungwa na sisi tukaambiwa asanteni. Mume wangu hakupenda nilitaje hilo mbele ya wageni.

Mama yake, mzaliwa wa Kinyangiri, tuliishi naye. Hakulipenda gari tangu jioni ya kwanza. Mwanawe alizima injini, akaingia ndani, na feni zikaendelea kuzunguka. Ndivyo zilivyotengenezwa: maji yakiwa bado ya moto, huyapoza hata injini ikiwa imelala. Mama alisimama mlangoni ameshika kanga yake kifuani.

"Ufunguo anao nani?"

"Ninao mimi, mama."

"Na huyo anayevuma ni nani?"

Akasema upepo usio na mwenyewe haulali uwanjani kwake. Mimi nilicheka, ila nilichekea jikoni, maana mkwe ni mkwe. Baadaye feni hazikusikika tena, nikadhani nimezizoea. Safari zetu zilikuwa za sokoni na msikitini, gari halikupata hata nafasi ya kupata joto.

Kisha ikaja habari kutoka Kinyangiri kwamba dada mkubwa wa mama ni mgonjwa sana, anamwulizia mdogo wake, na ameanza kuchanganya watu. Waliomwuguza aliwaita kwa majina ya marehemu. Mama alifunga kifurushi chake bila kumwomba mtu ruhusa.

"Nataka anijue," alisema. "Akishanijua, Mungu na afanye apendavyo."

Tuliondoka asubuhi, mama kiti cha nyuma. Tulipoiacha barabara kuu tukaingia kwenye mchanga, gari likaenda kwa gia ya kwanza huku upepo ukitusukuma kwa nyuma. Mshale wa joto ukapanda. Mvuke ukatoka chini ya boneti, nasi tukasimama katikati ya mashamba ya uwele.

Mume wangu alikuwa na maelezo mengi. Maji ya Singida yana chumvi. Jua ni kali. Wajapani hawajui mchanga. Alishauri tungoje tu lipoe, kisha tuende polepole. Nilimwuliza feni zimefanya nini. Akasema feni ni mambo ya Ulaya. Nikamkumbusha kwamba Japani haiko Ulaya, nikafungua boneti.

Fyuzi ilikuwa nzima. Nilichomoa relei ya feni, kile kiswichi kinachoipelekea umeme, nikaibadilisha na ya honi, kwa kuwa zilifanana. Honi ikalia vizuri tu na mbuzi wakakimbia, feni kimya. Nikachukua kipande cha waya nikaipa feni moja umeme moja kwa moja kutoka kwenye betri, ikazunguka. Basi feni ilikuwa hai, ila hakuna aliyekuwa akiiamuru. Kila nilipoinua kichwa mume wangu alikuwa akitazama milima.

Nilifuata waya unaotoka kwenye swichi ya joto, ile iliyo kwenye rejeta, nikiupapasa kidole kwa kidole. Nyuma ya taa ulikuwa umekatwa. Ncha zake mbili zilikuwa zimefungwa vizuri, kila moja kivyake, kwa vitambaa vya kanga ya zamani ya rangi ya zambarau. Kanga ile ya mama nilikuwa nimeifua miaka mingi.

Nilimtazama mume wangu. Alinikonyeza akitaka huruma, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani aliyegombana naye. Nyuma mama alikuwa anasoma tasbihi, amefumba macho. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, kwa sababu kule Kinyangiri mtu alikuwa anasahau, na sisi tulikuwa tunaficha vitambaa. Nilivifungua. Nikaunganisha waya, maji yakapoa, tukajaza mengine kutoka kwenye dumu. Injini ilipopata joto, feni zikavuma. Tasbihi ikasimama kidogo, kisha ikaendelea.

Tulifika alasiri. Mume wangu alizima injini, na feni, kama kawaida yao, hazikuzima. Tuliziacha zikivuma uani.

Mgonjwa alikuwa amelazwa karibu na dirisha, ana homa. Mume wangu akamwamkia, "Shikamoo, mama mkubwa." Akaitikia marahaba, akamwita kwa jina la babu yao. Mama mkwe wangu akaketi kitandani, akaanza kumpepea kwa pindo la kanga. Dada yake alimtazama muda mrefu.

"Mama," akamwambia, "umechelewa."

Mama wa hao dada wawili alikufa kabla mimi sijazaliwa. Mama mkwe wangu akaacha kupepea. Mume wangu akawahi kusema, "Gari lilitusumbua, mama mkubwa. Liliharibika njiani."

"Gari halina kosa," mama akasema, bila kututazama. "Ni mimi niliyemwambia mtoto huyu aukate waya. Linavuma peke yake, halina mtu. Niliogopa."

Mgonjwa akageuza kichwa dirishani. Akasikiliza feni. Kisha akamshika mama mkwe wangu kidevu, kama anavyoshikwa mtoto anayetakiwa kusema kweli.

"Mdogo wangu alikuwa anaogopa kisulisuli," alisema. "Kikivuma na kuzunguka shambani alikuwa anaingia chini ya kanga yangu. Basi ni wewe."

"Ni mimi," mama akasema. "Ni mimi, dada."