Mteja Chini ya Taulo

Tangu jana silali, na kosa ni la mdomo wangu. Mimi ni kinyozi hapa Nakuru. Nilimfunika mteja mgeni taulo ya moto usoni, kisha nikaingilia ubishi wa mashabiki kuhusu kocha mpya wa timu yetu.

"Huyo kocha ni bure kabisa!" nikapayuka. "Eti anataka yule straika wa Molo, mzito kama gunia la viazi! Si heri mdogo wangu? Kesho anaenda majaribio."

Mguu wa mteja ukaanza kutikisika. Nikadhani ni joto, nikatoa taulo haraka.

"Yule wa Molo nimemsajili leo asubuhi," akasema polepole. "Sasa boss, huyo mdogo wako anaitwa nani?"