Fundi na Kucha Zake

Fundi wa gari letu anasugua injini tangu asubuhi, na harusi ya mjukuu wangu ni saa kumi. Silinda hedi mpya, kifuniko cha juu cha injini, imekaa pembeni kama mgeni asiyeambiwa karibu. Yeye ameziba matundu ya bloku kwa vitambaa, anakwangua gasketi kuukuu, ile karatasi ya kuzuia uvujaji, iliyoganda juu yake, anafuta, anafumba macho, anapapasa kwa ukucha, anarudia. Kwa kusugua huko, mlima ungekuwa uwanja wa mpira.

“Baba, funga twende.”

“Bibi, ikibaki punje moja, maji yatavuja, mtalala njiani.”

Saa nane akasema pamesafika. Nikapapasa nami nihakikishe. Akakitazama kidole changu, kinang'aa mafuta ya nywele, akachukua kitambaa kingine.