Nilivyomzika Mwongozaji Filamu wa Kipolandi Akiwa Amekaa Mbele Yangu

Jamani, kuna ukumbi mmoja hapa Kilburn, London, nikiupita navuka barabara, maana aibu niliyoipata mle ndani, hata mama yangu mzazi sijamsimulia!

Mzee Tadeusz ni mwongozaji filamu wa Kipolandi, ila alizaliwa Tengeru kule Arusha, kwenye kambi ya wakimbizi wa kwao, enzi za Vita Kuu ya Pili. Uzeeni akaamua kutengeneza filamu ya kurudi nyumbani (ndiyo, nyumbani ni Tengeru!) na alikuwa anatafuta sauti ya Mtanzania wa kuisimulia. Mama Neema, mwenyekiti wa chama chetu cha Watanzania, akanipigia, "Mdogo wangu, Jumamosi kwenye hafla ya kumpongeza utamsomea wasifu wake, naye atakuwa anaipima sauti yako. Usituangushe!" Nililia kwa furaha, mimi wa kuogesha wazee wa watu tangu nifike London, sauti yangu kwenye sinema!

Sasa uvivu. Nimetoka shifti hoi, nikajiambia wasifu ni wasifu, nikafungua kwenye simu ule niliousoma msibani mwezi uliopita (u-MC wangu, kusema kweli, ni misiba mitupu), nikabadilisha jina, alikozaliwa, nikaingiza filamu zake, nikalala.

Jumamosi ukumbi umejaa, sauti inatiririka, utoto Tengeru, chuo cha filamu Poland, tuzo, makofi, mzee anafuta machozi, nami nimenogewa, macho kwenye simu, mdomo unakwenda wenyewe: "Mzee wetu aliugua kwa muda mfupi. Ameacha mjane na watoto watatu. Tusimame dakika moja kumkumbuka. Mungu amlaze mahali pema peponi."

"Amina!" Watanzania wote wakajibu kwa mazoea, wakasimama. Wapolandi kuona hivyo nao wakasimama. Na mzee mwenyewe, na fimbo yake, akasimama akainamisha kichwa!

"Umemuua," Mama Neema akaninong'oneza.

Nilitamani ardhi inimeze. Baadaye mzee akanishika mkono, kwa Kiswahili chake cha utotoni akasema, "Sauti nzuri sana, binti. Lakini filamu hapana. Mimi bado mzima."

Kazi akapewa dada mmoja wa Harrow. Nimeapa, wasifu wa mtu aliye hai naandika upya, hata nikiwa nimetoka shifti mbili. Ila mzee hakuniacha mikono mitupu: aliandika namba yangu kwenye karatasi, akampa mkewe aitunze. "Siku yangu ikifika," akasema, "asome huyu."