Walinzi Wasioitwa

Jumamosi nilikuwa saluni katika mtaa wa La Rochelle, kichwa changu kikiwa mikononi mwa mama Mkongo anayenisuka. Televisheni ilionyesha manowari za taifa moja kubwa zikiingia bandarini kwetu. Mtanzania mmoja mwenye tai, aliyekuwa akimsubiri mkewe, akatufundisha bila kuombwa: "Hawa wanatulindia njia za biashara baharini."

"Sasa nani aliwaita, Papa?" msusi akauliza, chanuo likiwa hewani.

"Ni mazoezi tu, mama."

"Na wale mahasimu wao waliokuja kabla yao?"

"Nao pia ni mazoezi. Wakubwa wakiwa wengi, usalama unaongezeka."

Watu wa aina hii humwona kila mwenye bunduki kuwa mjomba wao.

Mara tukasikia kelele nje. Mnawajua wale wanaume wa vizibao vinavyong'aa, wanaojipa kazi ya kulinda gari lako ukiegesha, kisha wanakunyooshea mkono ukiondoka. Wawili walikuwa wakigombania gari la bwana yule, kila mmoja akidai ndiye mlinzi wake. Walisukumana, wakaangukia ubavu wa gari, na kioo cha pembeni kikavunjika. Bwana akatoka mbio, tai begani.

"Mnafanya nini?"

"Tunakulindia, bosi!" wakajibu kwa pamoja, na wote wawili wakanyoosha mkono.

Alirudi ndani ameshika kipande cha kioo. Msusi alimtazama kwa huruma yote aliyojaliwa, kisha akarudi kwenye nywele zangu.

"Pole, Papa," akamwambia. "Ni mazoezi tu."